Glasi ya Maji Kwenye Kiti cha Mbele

12 Januari

Mwanangu,

Pokea salamu zangu, wewe na huyo mke mwenzangu mdogo. Mimi sijambo. Miguu inanibeba, chakula kinapita na usingizi naupata. Wasiwasi wangu ni juu yenu mlio kwenye baridi hiyo, maana kwenye picha uliyotuma mtoto amefungwa nguo mpaka nikajiuliza kama huyu ni mjukuu wangu au ni godoro limesimamishwa.

Usinipigie simu tena. Juzi ulipopiga nilisikia neno moja tu, "Mama," mengine yote yakawa mvumo. Mnyororo wa Kobe umenila masikio. Miaka thelathini na moja nimesimama hatua mbili kutoka pale unapovuta mabehewa, kra-kra-kra kutwa nzima. Sasa mnyororo wenyewe siusikii, sembuse wewe. Barua hainuni nikiirudia mara ya tatu, basi tuandikiane.

Hapa msomee mke mwenzangu. Kobe ni treni ya kuchezea, iko kwenye bustani ya michezo ambako bibi yako anafanya kazi. Ana mabehewa sita yaliyopakwa rangi ya gamba la kobe. Mnyororo unampandisha juu ya kilima cha chuma kilichozidi paa la nyumba kidogo tu, halafu anashuka mwenyewe, anapita kona mbili, anaruka kituta kimoja, na kurudi pale pale alipoanzia. Dakika moja na nusu. Tumbo linakuruka mara moja, kisha unacheka. Babu yako ndiye aliyemuunda kwa mikono yake. Mwezi wa nane shule zikifungwa, utakuja na baba yako, nami nitakukalisha behewa la kwanza.

Sasa wewe. Mzee mwenye bustani alipofariki, mwanawe ndiye amekuwa mkurugenzi. Anataka kuleta mtambo unaowageuza watu miguu juu, kichwa chini. Unaitwa Radi, na nafasi anayoitaka ni ya Kobe. Nimemwendea ofisini nikamwambia haya si sawa. Akanijibu kwa adabu, akaniandikia kwenye karatasi ili nielewe: "Mama, lete mtaalamu aniandikie kwamba Kobe ana faida, nami sitamgusa." Nilicheka moyoni. Mtaalamu nimemzaa mwenyewe, ni mkaguzi wa mitambo ya michezo, na muhuri anao! Andika, mwanangu.

Na nikupe siri, iishie kwako. Kila asubuhi kabla ya kufungua, bado naweka glasi ya maji kwenye kiti cha mbele kama alivyofanya baba yako, nampeleka Kobe mzunguko mmoja mtupu. Maji yakirudi yote, nafungua. Yakimwagika, sifungui mpaka nijue kwa nini. Na kwa kuwa mnyororo siusikii tena, navua kiatu cha kushoto nasimama kwenye bamba la chuma, unyayo unanisikilizia. Usimwambie mtu. Watasema bibi kizee amerukwa na akili.

Ni mimi,
Mama yako

9 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako imefika, nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini. Sisi wazima. Mafua kidogo kwa mtoto, yamepita. Hofu yetu ni kwako wewe unayesimama juani kutwa, kiatu kimoja mguuni kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

Mke mwenzio nimemsomea. Aliuliza kama Kobe anauma. Nikamwambia Kobe hana hata meno. Mama, nikwambie kweli bila kuudhi: huku kazini kwangu Kobe asingewekwa hata upande wa watoto wachanga. Mtambo ninaoukagua mimi una urefu wa jengo la ghorofa ishirini. Baba, Mungu amrehemu, nadhani chuma kilimwishia njiani. Shuleni waliniita Mtoto wa Kobe mpaka ndevu zikaota.

Lakini kuhusu mtoto sina utani. Tangu mama yake alipoondoka amekuwa mtu wa kuogopa. Anaogopa lifti, anaogopa ngazi za umeme, anaogopa mlango unaojifunga wenyewe. Nikisema "kesho tunakwenda mahali" hali chakula. Jumamosi iliyopita nilimpeleka kazini nikidhani atafurahi. Alipoona watu wamegeuzwa wanapiga mayowe, alikaa chini kwenye zege, akaziba masikio, akajikojolea. Ana miaka sita, Mama. Nilimbeba hadi kwenye gari, nikamrudisha nyumbani.

Hapa nyumbani kuna chumba kitupu kinachotazama bustani. Wewe umefanya kazi kiasi cha kutosha. Lifikirie hilo.

Mkurugenzi wako ameniandikia na mimi, anataka maoni yangu kitaalamu. Nitamjibu.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na kwa kuwa umesema utamjibu, nimekuwa mzima zaidi. Hata mkata tiketi ameuliza kama nimepata mchumba. Nawe usiache kumpa mtoto maji ya moto kwa mafua hayo. Yakipita hurudi.

Nakuandikia ili ukikaa kuandika usikose la kusema. Mkurugenzi ananiambia watoto wa siku hizi wanataka kuzimia. Nikamwambia wanaotaka kuzimia waende, lakini hao wengine je? Njoo Jumapili usimame kwenye bamba langu uone wanaopanda Kobe. Wiki iliyopita alipanda babu mmoja mwenye fimbo, kwenye goti la kulia mjukuu, la kushoto mjukuu. Radi itampandisha huyo? Alipanda mama mwenye uso uliovimba kwa kulia, sikumuuliza, akazunguka mara nne peke yake, ya nne akashuka anatabasamu. Walipanda mume na mke waliokuja hawasemezani. Pale juu kabisa, Kobe anaposita kidogo kabla ya kushuka, mwanamke akamshika mume mkono. Ana hasira naye, lakini angeshika nini kingine?

Ndiyo faida yenyewe. Kwenye Radi kila mtu anaogopa kivyake, amefungwa mikanda, hata jirani yake hamwoni. Kwa Kobe hofu ni ndogo, inatosha familia nzima kugawana. Mtoto anajifunza kwamba kitu kinaweza kukupandisha, kikakushusha, tumbo likaruka, na mwisho ukarudi pale pale, mama yako amesimama anakungoja na kandambili zako. Mtu akijifunza hilo akiwa mdogo, ukubwani halii ovyo.

Na usisahau kumwambia mkurugenzi kwamba yeye mwenyewe, akiwa na miaka mitano, alipanda Kobe na kutapika kwenye fulana yake. Nilimfuta mimi. Akashuka akataka tena. Au hilo usiliandike, lisije likatuharibia.

Andika ukweli tu. Ukweli unatosha. Unakumbuka watu wanasema maji yakimwagika hayazoleki? Baba yako alikuwa akisema, "Hayazoleki, lakini yanasomeka." Alikuwa anachukua chaki anaweka alama pale yalipomwagika, kisha anaingia chini ya reli na spana yake, mimi namshikia tochi. Alama zake nyingine zipo hadi leo, sijazifuta.

Mwambie mke mwenzangu nimempakia rangi mpya behewa la kwanza. Kijani. Asije akaniangusha mwezi wa nane.

Mama yako

20 Aprili

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Natumai na wewe vilevile. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimebana.

Yule mkurugenzi nimeshamwandikia. Nimeandika kwa uangalifu sana, kama ninavyoandika kwa mtu yeyote.

Kuhusu mwezi wa nane, likizo yangu bado haijaidhinishwa. Huenda tukasogeza hadi Desemba. Kile chumba nimekipaka rangi. Nimekiwekea kitanda cha chini ili usipate shida na magoti. Uanze kupunguza vitu ndani ya nyumba kidogo kidogo, vile usivyovitumia.

Mwanao

28 Mei

Leo sina salamu.

Jumatatu saa nne asubuhi walikuja watu wawili wa ofisini wakasimamisha Kobe. Watoto walikuwa kwenye foleni. Glasi nilikuwa nimeshaipeleka alfajiri na maji yalirudi yote. Nikawauliza kuna nini, wakanionyesha ofisini kwa kidole.

Mkurugenzi alinipa karatasi nisome mwenyewe. Nikaona muhuri, na chini ya muhuri nikaona sahihi ninayoijua tangu ilipokuwa herufi za kupinda kwenye daftari la darasa la kwanza. Nimenakili hapa, usije ukasema nimezusha:

"Mtambo umepitwa na wakati. Mwendeshaji wa sasa amepoteza uwezo wa kusikia. Kwa maelezo yake mwenyewe, hutegemea mtetemo kwenye unyayo wa mguu wa kushoto pamoja na glasi ya maji. Napendekeza mtambo usitishwe mara moja na kuondolewa."

Kwa maelezo yake mwenyewe. Sentensi hiyo nimelala nayo siku tano.

Mkurugenzi hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alinivutia kiti, akanimiminia maji, kwenye glasi, mimi nikaiangalia glasi ile nikashindwa kunywa.

Wakubwa walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi nilikinyonyesha.

Mwendesha Kobe

15 Juni

Shikamoo Mama,

Sijui kama utaitikia. Nakusalimu hata hivyo.

Sina pa kujificha, basi nasema. Nilipoanza kuandika nilikusudia kumtetea Kobe. Niliandika mistari mitatu. Kisha nikafika mahali pa fomu panapouliza hali ya mwendeshaji, mkono ukasimama.

Kuna jambo sikukuandikia. Mwaka jana hapa kazini mwanamke mmoja alinaswa mkono kwenye kizuizi wakati mtambo unaanza kuondoka. Alipiga kelele. Mwendeshaji alikuwa na masikio mazima, lakini kelele za mashine zilimzidi, akaachia breki. Yule mwanamke alipoteza vidole vinne. Muhuri wa ukaguzi wa wiki ile ni wangu. Walisema sina kosa. Mimi ndiye niliyeokota pete yake chini ya reli nikampelekea mume wake, na tangu siku hiyo kila fomu ninayoishika nasikia kelele zile. Nilipokumbuka kwamba wewe husikii, nilimwona mtoto wa watu amenaswa na wewe umesimama na kiatu kimoja, unatabasamu, hujui.

Ndivyo nilivyojiambia. Lakini nisikufiche tena. Ndani yake kulikuwa na la pili. Nilijua Kobe akiondoka hutakuwa na sababu ya kubaki huko. Mtoto huyu ananishinda, Mama. Usiku analala ameshika mkono wa shati langu. Nilikutaka. Badala ya kukuomba, nikakukatia tawi ulilokalia ili uniangukie mimi.

Nilipaswa kukuandikia wewe kwanza. Najua.

Nisamehe.

Mwanao

3 Agosti

Shikamoo Mama,

Barua yangu ya Juni haijajibiwa, wala ile niliyoandika Julai. Ya pili sikuituma kwa posta ya kawaida, nilimpa mtu anayekuja huko, na amesema alikukabidhi mkononi, ukaipokea ukamshukuru.

Wiki hii tulikuwa tuwe kwako. Mtoto ameuliza kama Kobe amekasirika. Nilisema amelala.

Niandikie hata matusi.

Mwanao

30 Septemba

Salamu.

Hayo matusi uliyoyataka sina. Nilikuwa nayo mwezi wa sita, sasa yameisha.

Kobe wamemfungua wiki mbili zilizopita. Nilikwenda kutazama, nikakaa kwenye benchi la wazazi, mahali ambapo kwa miaka thelathini na moja sikuwahi kukaa. Fundi waliyemleta ni mtu wa makamo, mpole. Alipomaliza siku ya kwanza alinijia akaniandikia kwenye kiganja kwa kalamu: "Nati zote zilikuwa zimekaza. Nani alikuwa akizikaza?" Nikajionyesha kifua. Akanipa mkono. Nimekaa siku mbili bila kunawa kiganja hicho, ujinga wa uzee.

Nimewaza uliyoandika kuhusu yule mwanamke wa vidole. Nimemhurumia, na wewe nimekuhurumia. Tena nakubali: mtoto angelia nisingemsikia. Ndiyo maana nilikuwa siangalii kitu kingine ila nyuso zao. Lakini ungeniambia. Ungesema, "Mama, mkono wa breki mwachie mwenye masikio, wewe baki na glasi." Ningenuna siku tatu, ya nne ningekubali, unanijua. Hukunipa hizo siku tatu.

Sasa nakueleza jambo ambalo baba yako alinikataza kukueleza. Yeye hayupo na Kobe hayupo, katazo limekwisha.

Ulipokuwa na miaka sita ulilazwa hospitali miezi minne. Enzi hizo mzazi haruhusiwi kulala wodini. Saa ya kuona wagonjwa ikiisha tulikuwa tunatolewa, wewe unalia, na kengele inalia. Ulirudi nyumbani umepona mwili, lakini ukawa unaogopa kila kitu. Bomba la maji. Mbwa. Nguo kwenye kamba zikipigwa na upepo. Husemi, unakaa chini na kuziba masikio.

Wakati huo baba yako alikuwa ndiyo anamaliza Kobe. Kilima chake kilikuwa kirefu mara mbili ya hicho unachokijua. Chuma hakikumwishia, mwanangu. Chuma kilibaki. Alikuleta siku moja uone kazi yake, ukakaa chini kwenye mchanga ukaziba masikio. Kesho yake alichukua msumeno akakata nguzo. Mzee mwenye bustani alifoka, karibu amfukuze. Akaikata mara ya pili. Mara ya tatu. Na kila alipokata, aliweka glasi ya maji kwenye kiti cha mbele na kumpeleka Kobe mtupu. Maji yakimwagika, anakata tena. Nilimuuliza anafanya nini na maji. Akasema, "Nataka mwendo ambao haya hayatamwagika. Maji yakitulia, mwanangu naye atatulia."

Glasi ile ni kwa ajili yako. Haikuanza kama ukaguzi.

Siku yalipotulia alikukalisha behewa la kwanza, yeye pembeni yako. Mlipanda, mkashuka. Mimi nilikuwa nimesimama chini na kandambili zako. Ukashuka ukasema, "Tena." Lilikuwa neno lako la kwanza baada ya wiki tano. Baba yako alikwenda nyuma ya kibanda cha tiketi, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la chuma.

Hakutaka ujue. Alisema mtoto asijue kwamba kilima kilishushwa kwa ajili yake, ataona aibu. Walipokuita Mtoto wa Kobe alitaka kwenda kuwapiga, nikamzuia.

Chumba chako sikihitaji. Mpe mtoto achezee.

Mjane wa fundi

17 Januari

Shikamoo Mama,

Nimeandika barua hii mara nyingi tangu Oktoba na kuichana. Sisi wazima, kama mtu anaweza kuitwa mzima. Wewe sijui hali yako na hakuna wa kuniambia.

Mimi sikukumbuka lolote, Mama. Hospitali nakumbuka kengele tu. Niliposoma nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi bila koti, mpaka mtoto akaja kunifunika na blanketi lake. Nimekagua mitambo miaka kumi na miwili, nimepima mwendo wake, mtikisiko wake, uzito wake, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini wa baba yangu ulikuwa wa polepole. Nilidhani ni umaskini.

Nimeacha kutia muhuri kwa sasa. Nimeomba wanipeleke karakana.

Jumapili iliyopita niliendesha gari saa mbili na mtoto, hadi kwenye bustani moja ndogo, chakavu, niliyoisikia kwa mwenzangu wa karakana. Wana treni inayoitwa Kiwavi. Mabehewa matano, kilima kama cha Kobe, labda kimezidi kidogo. Manyunyu yalikuwa yakidondoka, watu hakuna, mwendeshaji ni mzee mwenye miwani anasoma gazeti. Mtoto aliposhuka kwenye gari akaona reli, akaanza kurudi nyuma.

Nilichuchumaa nikamwambia kuhusu babu yake na glasi. Yote, hata msumeno. Akauliza, "Tunayo glasi?" Tulikuwa na kikombe cha plastiki cha chai yangu. Tukakisuuza, tukatia maji, akasema atakishika yeye mwenyewe. Mwenye miwani alicheka, akaturuhusu.

Tulikaa behewa la kwanza. Mnyororo ukaanza, kra-kra-kra, na mimi ndiye niliyetetemeka, Mama. Mtoto hakutetemeka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho yote kwenye maji, ulimi nje. Tulipofika juu hakujua kama tumefika juu. Tuliposhuka alipiga kelele moja fupi, akanigeukia, akacheka, tumbo lilikuwa limemruka. Maji yalimwagika njiani, yakamlowesha goti. Alihuzunika kidogo, akafikiri amefanya kosa. Nikamwambia hapana, hayo husomwa.

Tuliposimama nilitazama chini pale wazazi wanapongojea. Palikuwa patupu. Nilikutafuta kama mwendawazimu.

Akasema, "Tena." Tulipanda mara tatu.

Tukirudi garini aliuliza, "Bibi atakasirika maji yamemwagika?" Nikasema sijui. Akasema nikuandikie nikuulize. Basi nimekuuliza.

Mwanao

21 Februari

Mwanangu,

Mimi mzima.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukasoma mpaka mwisho ukilitafuta. Kila asubuhi naamka saa ile ile, najaza glasi, kisha nasimama jikoni nayo na hakuna pa kuiweka. Hilo umelifanya wewe.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeandika maji yalimwagika njiani, ukaishia hapo. Njiani wapi? Kona ya kwanza au ya pili? Upande wa nje wa kona au wa ndani? Yakimwagikia nje, mwendo umezidi, huyo mwenye miwani aache gazeti akamate breki mapema. Yakimwagikia ndani, reli imelegea, na hapo si pa kupandisha mtoto. Nawe maji yamemwagika mara ya kwanza, ukampandisha tena, na tena! Unaitwa mkaguzi wa nini?

Wewe hutakumbuka, ulikuwa unatazama chini. Muulize mke mwenzangu, yeye ndiye alikuwa na macho kwenye maji. Mwambie sikukasirika. Mpe karatasi achore reli yote ya huyo Kiwavi, kilima, kona na kituta, halafu aweke alama ya chaki palipomwagika. Nitumie.

Msirudi pale kabla sijajibu.

Mama